Jaribio la kutokuwa duni: tiba mpya isiyotakiwa kushinda

Asilimia 73.4 kwa asilimia 73.3. Hayo ni matokeo ya makundi mawili ya wagonjwa wa saratani ya rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, waliopasuliwa katika hospitali 33 za Japani kisha wakafuatiliwa. Kundi moja lilipata upasuaji mrefu, jingine upasuaji mfupi zaidi, na namba hizo ni za waliofikisha miaka mitano wakiwa hai bila saratani kurudi. Ukimwonyesha mtu yeyote atakwambia ngoma droo. Watafiti wenyewe walitangaza kwamba upasuaji mfupi haukufaulu mtihani.

Hawakukosea hesabu. Mtihani wenyewe ulikuwa wa aina ya pekee, unaoitwa jaribio la kutokuwa duni, na hospitali za Japani zimeutumia sana miaka ya karibuni, kuanzia kwa wapasuaji wa mapafu hadi kwa madaktari wa moyo na kiharusi. Ukisoma habari za tafiti hizo bila kujua kanuni zake, utaelewa kinyume.

Majaribio tuliyozoea kuyasikia ni ya kushindana. Dawa mpya ya presha inawekwa dhidi ya ya zamani, wagonjwa wanagawanywa kwa kura, na mwisho wa siku inaulizwa ipi imeshusha presha zaidi. Lakini zipo tiba ambazo sifa yake si nguvu. Mpya inamkata mgonjwa kidogo, au ina vidonge vichache, au haimtoi damu sana, au ni ya gharama nafuu. Hakuna anayedai kwamba itaponya kuliko ya zamani. Kinachotakiwa kujulikana ni kama katika kupata nafuu hiyo mgonjwa hapotezi kingine kikubwa. Hata Mwanza swali la namna hii limeshaulizwa: jaribio la DoRIS, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, lilitaka kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inajenga kinga isiyopungua sana ile ya dozi mbili au tatu.

Neno la kushika hapo ni "sana". Hakuna utafiti unaoweza kuthibitisha kwamba tiba mbili zinalingana kabisa. Ungehitaji wagonjwa wasio na idadi. Kwa hiyo kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, watafiti hukaa na kukubaliana: tuko tayari kupoteza kiasi gani? Kiasi hicho ndicho kikomo, na huandikwa kwenye mpango wa utafiti. Ni kama unapomtuma mtu akuuzie baiskeli. Bei ya mwisho unamtajia kabla hajatoka nyumbani. Akiishusha baada ya kumwona mnunuzi, haikuwa bei ya mwisho tena.

Kuna jambo la pili la kuelewa. Matokeo ya wagonjwa mia saba ni makadirio. Ukirudia utafiti uleule kwa wengine mia saba, namba zitacheza. Ndiyo maana watakwimu hawatoi namba moja peke yake, bali hutoa pia ncha zake mbili, ya chini na ya juu, ambazo kati yake ukweli unadhaniwa kuwemo. Kwenye jaribio la kutokuwa duni, ncha iliyo upande mbaya ndiyo hakimu. Ikibaki ndani ya kikomo, tiba mpya imefaulu. Ikivuka, hata kwa unywele, imeshindwa kuthibitika.

Sasa turudi kwenye rektamu. Utafiti ule unaitwa JCOG0212, kwa jina la mtandao wa Japani wa majaribio ya saratani ulioko chini ya Kituo cha Taifa cha Saratani jijini Tokyo. Saratani ikiwa sehemu ya chini ya rektamu, wapasuaji wa Japani wana desturi ya kuondoa pia tezi za limfu zilizoko pembeni, kwenye kuta za nyonga, hata kama kwenye picha hazionekani kuvimba. Nchi za Magharibi kwa kawaida hawafanyi hivyo. Wao humpa mgonjwa mionzi na dawa kabla ya upasuaji. Kazi ya tezi za pembeni ni ngumu. Katika utafiti huu upasuaji wenye kazi hiyo ulichukua dakika 360 kwa kawaida, dhidi ya 254 bila kazi hiyo, na damu iliyopotea ilikuwa mililita 576 dhidi ya 337. Sababu ya kutaka kuachana nayo ilikuwepo.

Wagonjwa 701 waliingia. Uwiano wa hatari ya saratani kurudi au mgonjwa kufariki ulikuwa 1.07, ambapo 1 ndiyo sare. (Uwiano huu unahesabu kipindi chote cha ufuatiliaji, si siku ile tu ya kutimiza miaka mitano; ndiyo maana hauko 1 kamili ingawa 73.4 na 73.3 ni karibu pacha.) Kikomo kilichoandikwa kilikuwa 1.34. Ncha ya juu ikafika 1.36. Basi.

Unaweza kuona ni ukali usio na maana, kuangushwa na nukta mbili za mia. Mimi naona walifanya sawa kutolegeza. Ukiangalia ndani zaidi, saratani ilirudi kwenye eneo lilelile la nyonga kwa asilimia 12.6 ya walioachiwa tezi zao, dhidi ya asilimia 7.4 ya walioondolewa. Ile sare ya juu ilikuwa imefunika tofauti hii. Hata hivyo, matokeo haya hayasemi kwamba upasuaji mfupi ni duni. Yanasema haikuthibitika kwamba si duni. Ni sentensi mbili tofauti, na magazeti huzichanganya kila mara.

Anayetaka kuona jambo hili katika sura ya ajabu zaidi atazame utafiti wa kiharusi uitwao SKIP, uliochapishwa mwaka 2021. Mgonjwa ambaye mshipa mkubwa wa ubongo umezibwa na bonge la damu huchomwa alteplasi, dawa ya kuyeyusha bonge hilo (Japani hutumia miligramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito, ambapo nchi nyingi hutumia 0.9), kisha daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi kichwani na kulivuta bonge nje. SKIP waliuliza: kwa nini tusiende moja kwa moja kwenye mrija? Baada ya siku 90, asilimia 59.4 ya waliofanyiwa mrija peke yake walikuwa wanajitegemea au karibu na hapo. Waliopata vyote viwili ni asilimia 57.3. Mrija peke yake ulikuwa mbele, tena waliovuja damu ubongoni upande wake walikuwa wachache zaidi, asilimia 33.7 dhidi ya 50.5. Na bado ulishindwa kuthibitisha kutokuwa duni!

Sababu ni uchache wa watu. Wagonjwa walikuwa 204 tu, na idadi ikiwa ndogo ncha za makadirio hutanuka. Hapa kilichohesabiwa ni uwiano wa uwezekano wa kupona vizuri, 1 ikiwa sare, kwa hiyo upande mbaya ni wa chini: ncha haikutakiwa kushuka chini ya 0.74, nayo ikafika 0.63. Kwa lugha nyingine, takwimu zilikuwa bado zinaacha mlango wazi kwa hasara ambayo watafiti walishasema hawaikubali.

Hayo ni ya kushindwa. Upande wa kufaulu, mfano ninaoupenda ni JCOG0802, ulioendeshwa pamoja na mtandao wa Japani Magharibi, WJOG. Pafu la kulia lina vipande vikubwa vitatu, la kushoto viwili, na kila kipande kina visehemu ndani yake. Mwaka 1995 utafiti wa Amerika Kaskazini uliifanya kuwa sheria isiyoandikwa: saratani ikiwa kwenye kipande, toa kipande kizima. Lakini mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili, zilipoenea, uvimbe ukaanza kugunduliwa ukiwa mdogo sana, na wapasuaji wa Japani wakajiuliza kama uvimbe wa sentimita mbili au chini yake unastahili kugharimu kipande chote.

Kutoa kisehemu si kazi rahisi kuliko kutoa kipande, ingawa jina linadanganya. Kati ya kipande na kipande mara nyingi kuna mkunjo unaoonekana kwa macho. Kati ya kisehemu na kisehemu hakuna alama yoyote. Ni nyama ya pafu mfululizo. Siku hizi njia mojawapo ni kufunga kwanza mshipa unaopeleka damu kwenye kisehemu husika, kisha kumchoma mgonjwa rangi ya indosianini kijani na kutazama kwa kamera ya infraredi: pafu lote linawaka isipokuwa kisehemu kile kisichopata damu, na mpasuaji anaweka alama kwenye mstari huo kabla rangi haijapotea. Kukata katikati ya nyama ya pafu kuna gharama yake pia. Katika utafiti huu, kuvuja kwa hewa baada ya upasuaji kulitokea kwa asilimia 6.5 ya waliotolewa kisehemu na 3.8 ya waliotolewa kipande.

Waliandikishwa wagonjwa 1106 katika hospitali 70, kuanzia 2009 hadi 2014, na matokeo yakatoka 2022. Baada ya miaka mitano, asilimia 94.3 ya waliotolewa kisehemu walikuwa hai, na asilimia 91.1 ya waliotolewa kipande kizima. Uwiano wa hatari ya kufariki ulikuwa 0.663 na ncha ya juu 0.927, ambapo kikomo kilikuwa mbali huko, 1.54. Ncha ya juu ikiwa chini ya 1, tiba mpya haijaishia kutokuwa duni tu, imeshinda. Kanuni zinaruhusu kupanda ngazi hiyo, mradi uwe umepanga tangu mwanzo kuanza na ya chini.

Lakini tazama tena ndani. Saratani ilirudi palepale kwa asilimia 10.5 ya waliotolewa kisehemu, dhidi ya 5.4. Na ile nafuu ya pumzi iliyotarajiwa ilikuwa ndogo: mwaka mmoja baadaye tofauti ya kupungua kwa nguvu ya kupumua ilikuwa asilimia 3.5, ilhali watafiti walikuwa wamesema kabla kwamba chini ya 10 hawataihesabu kuwa na maana kwa mgonjwa. Kilicholeta tofauti ya vifo ni magonjwa mengine, ambayo yaliwaua wengi zaidi upande wa waliotolewa kipande kizima. Kwa nini, bado wapasuaji wanabishana. Ni vizuri wabishane. Ushindi usiokuja kwa njia uliyoitegemea unastahili maswali zaidi kuliko pongezi.

Kwenye moyo, jambo lililo wazi ni kwamba kufaulu hakuhamishiki. Mtu aliyewekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, hupewa dawa mbili za kuzuia chembe sahani za damu zisigandane, na zamani alizinywa pamoja kwa mwaka mzima au zaidi. Utafiti wa STOPDAPT-2, uliofanyika katika hospitali 90 za Japani na kuchapishwa 2019, ulijaribu mwezi mmoja wa dawa mbili, kisha klopidogreli peke yake. Matukio mabaya, ukijumlisha ya moyo na ya kuvuja damu, yalikuwa asilimia 2.36 dhidi ya 3.70. Umefaulu, tena kwa ushindi. Watafiti wakaupeleka mpango uleule kwa wagonjwa waliofika wakiwa na mshtuko wa moyo au dalili zake za ghafla, zaidi ya 4,000. Safari hii ncha ya juu ikafika 1.62 wakati kikomo ni 1.5, na mishtuko mipya ya moyo ikawa karibu maradufu, asilimia 1.59 dhidi ya 0.85. Kuvuja damu kulipungua, ndiyo, lakini bei ilikuwa imepanda.

AFIRE, wa mwaka huohuo wa 2019, ulikwenda kinyume na woga wa wengi. Wagonjwa 2236 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio pamoja na ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia walipewa rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, peke yake, au pamoja na dawa moja ya chembe sahani. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu kundi la dawa mbili ndilo lililokuwa na vifo vingi zaidi.

Jaribio la aina hii lina udhaifu ambao yale ya kushindana hayana. Katika jaribio la kushindana, uzembe unamwumiza anayedai ushindi: wagonjwa wakiacha dawa au wakibadilishiwa kundi, makundi yanafanana na tofauti inapotea. Hapa kufanana ndiko kunakotafutwa, hivyo uzembe unakuwa rafiki wa tiba mpya. Ndiyo maana msomaji makini hutaka kuona hesabu mara mbili, moja ya wote kama walivyopangwa kwa kura na nyingine ya wale waliopata hasa tiba waliyopangiwa.

Udhaifu wa pili unakuja polepole. Tiba B ikikubalika kwa kuwa si duni sana kwa A, kisha C ikakubalika kwa kuwa si duni sana kwa B, baada ya hatua chache unaweza kuwa umeshuka mbali bila hata mmoja kuvunja kanuni. Dawa yake ni kuilinganisha mpya na ile iliyothibitika kuwa bora kuliko zote, si na iliyoidhinishwa jana.

Wa tatu ni kikomo kinachosogezwa kimyakimya. Kwenye uaminifu wa tafiti kwa jumla, Japani ina historia chungu: tafiti za dawa ya presha iitwayo valsatani, zilizoongozwa na hospitali za vyuo vikuu, ziliondolewa kwenye majarida baada ya kubainika kasoro kwenye data, na kwamba mfanyakazi wa kampuni ya dawa alishiriki kwenye takwimu bila uhusiano huo kuwekwa wazi. Baada ya kashfa hiyo, sheria ya utafiti wa kitabibu ilipitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika Aprili 2018. Majaribio yanayoguswa na sheria hiyo sasa hupitia kamati iliyoidhinishwa na kuandikwa kwenye rejesta ya wazi, jRCT, kabla ya kuanza. Rejesta hiyo ina kurasa za Kiingereza pia, na kitu cha kwanza cha kutafuta humo ni kipimo kikuu cha utafiti, yaani kile ambacho utafiti utahukumiwa nacho, pamoja na tarehe kilipoandikwa au kubadilishwa.