Windows na Linux katika Kompyuta Moja: Mafaili ya Pamoja Yakae Wapi?

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea kompyuta mpakato yenye Windows na Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), akilalamika kwamba sura ya tatu ya tasnifu yake imetoweka. Mchana huandika kwa Windows, usiku huchakata takwimu kwa Linux, na kazi zake zote ameziweka katika sehemu moja ya diski inayosomeka pande zote mbili. Usiku huo alikuwa ameihamishia humo sura iliyokamilika akiwa Linux; asubuhi alipowasha Windows akaikuta folda vilevile kama alivyoiacha jana yake mchana. Nilipomuuliza kama huizima kompyuta kabla ya kuhama mfumo, alinijibu kwa uhakika: "Mwalimu, naizima kila mara, hata taa naiona ikizimika."

Alisema kweli, na tatizo lilikuwa hapohapo. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kuzima kompyuta si lazima kuwe kuzima tulikokuzoea. Ili iwake haraka kesho yake, Windows hufunga programu za mtumiaji, kisha kiini cha mfumo hukinakili kutoka kwenye kumbukumbu hadi katika faili liitwalo hiberfil.sys, pamoja na picha yake ya jinsi diski ilivyokuwa wakati huo. Ni kama mwenye duka aliyefunga akiwa na hesabu ya rafu zote kichwani: mtu akiingia usiku akapanga bidhaa upya, asubuhi yeye ataandika daftari lake kwa kukumbuka, bila kutazama rafu. Windows iliandika orodha yake ya zamani juu ya ile iliyoachwa na Linux, na faili likabaki diskini bila jina. Cha kushangaza ni kwamba kuwasha upya ndiko huzima kikamilifu, kwa sababu njia hiyo haitumii ule mkato wa kuwaka haraka.

Basi kabla ya kujadili aina ya diski, mimi huanza kwa kufungua dirisha la amri la Windows kwa haki za msimamizi na kuandika:

powercfg /h off

Amri hii huondoa mkato huo na kulifuta hiberfil.sys, hivyo gigabaiti kadhaa hurudi. Gharama yake ni kwamba utapoteza uwezo wa kuilaza kompyuta kwa muda mrefu kazi zikiwa wazi bila kutumia chaji. Kwa mtu anayehama mifumo kila siku, naiona gharama ndogo.

Sasa sehemu za diski, ambazo mafundi huziita patisheni. Ushauri wangu ni kuwa nazo tatu: ya Windows, ya Linux, na ya tatu ya mafaili ya pamoja. Katika diski ya gigabaiti 512 huipa Windows 150, Linux 60, na inayobaki yote huwa ya pamoja. Ile ya tatu huifomati kwa NTFS, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili diskini; mingine ni FAT32 na exFAT. FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video ya harusi huishia njiani. exFAT haina kikomo hicho na Linux huitambua yenyewe tangu kiini cha 5.7 cha mwaka 2020, lakini haina jarida la mabadiliko, na kompyuta ya mezani ikikatikiwa na umeme katikati ya kuandika, hakuna kumbukumbu ya kurekebishia. Aliyokuwa akiitumia mwanafunzi wangu ilikuwa exFAT. Faida nyingine ya NTFS ni kwamba Linux ikikuta Windows haijaiachia patisheni kikamilifu, hukataa kuandika. Watu huliona hilo kama hitilafu, nami nasema ni ulinzi. Usilazimishe kwa chaguo la kufuta hiberfil.sys kutoka Linux: rudi Windows, uizime ipasavyo.

Upande wa Linux, tafuta namba ya utambulisho ya patisheni kwa amri ya lsblk -f, tengeneza folda ya /data, kisha ongeza mstari huu katika /etc/fstab, faili linaloiambia Linux ifungue patisheni zipi inapowaka, ukiweka namba yako badala ya NAMBA:

UUID=NAMBA /data ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022,windows_names,nofail 0 0

Neno nofail lisisahaulike. Bila hilo, siku patisheni ikikosekana Linux itakwama katikati ya kuwaka. Nalo windows_names huzuia majina ambayo Windows haiyakubali, kama "Ripoti 12:30.docx", kwa sababu ya zile nukta mbili. Halizuii, hata hivyo, Sura.docx na sura.docx kukaa pamoja, jambo ambalo kwa Linux ni mafaili mawili na kwa Windows ni mkanganyiko.

Weka humo nyaraka, picha, muziki na video. Folda ya nyumbani ya Linux yenyewe ibaki kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa kuwa kwa mpangilio huu ruhusa za faili mojamoja hazihifadhiwi.

Kuna na saa. Windows huichukulia saa ya mashine kuwa ya hapa, Linux huichukulia kuwa ya kimataifa, kwa hiyo kila unapohama huweza kupishana kwa saa tatu, na programu za kulinganisha nakala zikashindwa kujua faili lipi ni jipya. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huiambia Linux ifuate mtindo wa Windows. Itakuonya kuhusu majira ya saa yanayobadilika. Tanzania na Kenya hazibadilishi saa, kwa hiyo mimi huendelea.

Sura ya tatu ilipatikana. Niliendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ikaunda folda ya FOUND.000 yenye vipande kadhaa, na kimojawapo kiitwacho FILE0003.CHK kilipobadilishwa mwisho wake kuwa .docx, kilifunguka na majedwali yake yote. Tulinakili kila kitu kwenye diski ya nje, tukaifomati upya ile patisheni, kisha nikamwomba ahame mifumo mara tatu mbele yangu, akihariri faili lilelile kila upande. Ukifanya jaribio hili, andika findmnt /data ukiwa Linux: ukiona rw, unaweza kuandika, ukiona ro, huenda Windows haikuzimwa ipasavyo.