Je, wajua kwa nini tangi la samaki linaweza kupasuka kwa sababu stendi imepungua sentimita mbili tu kila upande?

Una tangi dogo la samaki lenye urefu wa sentimita 60, na stendi uliyo nayo ina 56. Ukiliweka katikati linachomoza sentimita mbili kila upande, halitikisiki, na kwa macho limekaa sawa. Kuna ubaya gani?

Tuanze na uzito, maana wengi hawaupigii hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 36, hubeba maji ya kilo hamsini na kitu, changarawe kilo 14 hivi, na kioo chenyewe, kikiwa cha milimita 6, kina kilo 12. Jumla inakaribia kilo 80. Ni kama mtu mzima amepanda juu ya stendi hiyo na hashuki usiku wala mchana.

Hata hivyo, si uzito huo unaovunja kioo. Kioo huvumilia sana kukandamizwa. Kinachokishinda ni kupindwa. Mtazame fundi wa vioo akiwa kazini: hakati kioo mpaka upande wa pili. Anakikwaruza mstari mmoja, anakipinda kidogo, nacho kinaachana chenyewe. Kikipindwa, upande mmoja hubanwa na wa pili huvutwa, na ufa huanzia huko kunakovutwa, hasa penye mkwaruzo, hata ule usioonekana kwa macho. Tangi lililoshikiliwa hapa na kuachwa hewani pale linapindwa vivyo hivyo, ila polepole.

Sasa lipindue tangi likiwa tupu, uangalie chini. Likiwa na fremu ya plastiki kuzunguka kingo, utaona kioo cha kitako kimeinuliwa kidogo, hakigusi meza. Uzito wote unapita kwenye fremu. Kwa tangi la namna hii, stendi iliyopungua urefu ina nafuu kuliko iliyopungua upana. Ikipungua urefu, vioo virefu vya mbele na nyuma bado vimelala juu ya stendi, navyo vimesimama wima kama boriti, ni vigumu kupindika. Ikipungua upana, hivyo virefu ndivyo vinavyobaki hewani, na mzigo wote unaishia kwenye nukta chache za fremu mbili fupi. Hapo mimi nisingejaribu hata siku moja bila kuongeza kitu chini.

Tangi lisilo na fremu hukalia kitako kizima, kwa hiyo linataka tegemeo kila mahali, pamoja na mkeka mwembamba wa povu wa kumeza vijiwe na mabonde madogo ya mbao. Mkeka huohuo usiuweke chini ya tangi lenye fremu: fremu inazama, povu linasukuma kitako juu, na umejitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo.

Dawa ya stendi fupi ni ubao mmoja mzima unaolingana na tangi au kulizidi kidogo, uliofungwa kwa skrubu juu ya stendi. Unene wake ndio kila kitu. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane, kwa hiyo plaiwudi ya milimita 18 haifanani kabisa na ya 9. Kipande kinachochomoza nacho kina hesabu yake: kwa mzigo uleule ukiwa nchani, sentimita sita hupinda mara 27 kuliko sentimita mbili. Basi sentimita mbili zinatibika, lakini sita ni dalili kwamba unahitaji stendi nyingine. Epuka pia mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi. Zikinywa maji huvimba na kulegea, na penye tangi maji hayakosi kumwagika. Plaiwudi nayo ipake rangi au vanishi, hasa kwenye kingo.

Kabla ya kujaza, weka pimamaji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kama kuna mwinamo, kabari iwekwe chini ya miguu ya stendi, kamwe si chini ya tangi, kwa sababu kabari chini ya kioo ni nukta moja inayosukuma. Kisha chukua karatasi ujaribu kuipenyeza kati ya tangi na ubao. Ikiingia kwa urahisi mahali, pana pengo.

Jaza nusu, uache mpaka kesho. Maji yenyewe ni pimamaji nzuri: pima kwa rula, leo na tena kesho, kutoka ukingo wa juu hadi usoni mwa maji, kwenye pembe zote nne. Vipimo vikitofautiana kuliko jana, au stendi ikiyumba ukiisukuma kidogo kwa kiganja, toa maji kwanza ndipo urekebishe. Usijaribu kulisogeza tangi likiwa na maji, hata yakiwa nusu.