Dawa ya sonona inafika ubongoni leo, nafuu inakuja mwezi ujao

Watu walioanza dawa za sonona huniuliza jambo lilelile: wiki nzima nimemeza, mbona bado niko vilevile? Wengine hukata tamaa wakaacha. Swali lao ni zito kuliko wanavyodhani, maana limetushughulisha sisi watafiti wa vipokezi vya ubongo, yaani protini za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali, kwa miaka mingi. Fluoksetini na dawa za jamii yake huziba njia ambayo seli huitumia kuirudisha ndani serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na kazi hiyo huanza saa chache tu baada ya kidonge kumezwa. Kama sonona ingekuwa upungufu wa serotonini, mgonjwa angeamka kesho yake amepona. Badala yake husubiri wiki mbili, nne, pengine sita.

Nadharia ya upungufu ilijengwa kinyumenyume, kutoka kwenye dawa kwenda kwenye ugonjwa. Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa iproniazidi wakachangamka kuliko hali ya mapafu yao ilivyoruhusu. Baadaye ikaeleweka kwamba dawa ile huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini. Miaka michache mbele, Roland Kuhn, daktari wa Münsterlingen, Uswisi, aliijaribu imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa. Wenye sonona ndio waliopata nafuu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1957. Dawa zote mbili ziligunduliwa kwa bahati, zote zilionekana kuongeza kemikali hizo kwenye sinapsi, yaani maungio ya seli za neva, basi watu wakahitimisha kwamba ugonjwa wenyewe ni uhaba wa kemikali. Hitimisho hilo liliuza vidonge vingi mno.

Mwaka 2022 Joanna Moncrieff, daktari wa magonjwa ya akili wa London, na wenzake walipoupitia ushahidi wa nadharia hiyo na kuukuta haujitoshelezi, vichwa vya habari vikageuza mambo vikadai dawa zenyewe ni bure. Hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha majaribio 522 na washiriki zaidi ya 116,000 ulikuta dawa zote 21 zilizochunguzwa zikivishinda vidonge vitupu visivyo na dawa, ingawa kwa tofauti isiyo kubwa. Dawa inaweza kusaidia hata kama hadithi iliyosimuliwa juu yake ni mbovu.

Kinachosahaulika katika hadithi hiyo ni kipokezi. Wengi tulifundishwa mfano wa kufuli na ufunguo, na kwa somo la kwanza unatosha. Baada ya hapo unapotosha, maana kufuli halijali limefunguliwa mara ngapi. Kipokezi kinajali. Kikichokozwa mno, seli hukipunguza makali, hukivuta ndani ya utando wake, na mwishowe hupunguza hata kasi ya kutengeneza vingine. Kikikaa bila kazi, seli huongeza idadi. Ukiweka dawa ubongoni leo, vipokezi utakavyovikuta baada ya mwezi si vile ulivyoviacha.

Serotonini peke yake ina vipokezi vya aina 14 hivi. Kimoja, 5-HT1A, kimekaa hadi juu ya seli zilezile zinazoitoa serotonini, kwenye shina la ubongo, na hapo kazi yake ni kupima kiasi kilichotoka. Siku za kwanza za matibabu, serotonini inapojaa, kipokezi hiki huiamuru seli ipunguze kurusha ishara. Kidonge kinapandisha, ubongo unateremsha. Wiki zikipita kipokezi huzoea, seli hurudia mwendo wake, na hapo ndipo serotonini inapopanda kikweli. Watafiti walijaribu kuifupisha safari hiyo kwa kuongeza pindololi, dawa ya moyo ambayo pia huziba 5-HT1A. Katika baadhi ya majaribio nafuu ilikuja mapema. Katika mengine haikubadilika chochote. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayamalizi kazi.

Hapo ndipo msongo unapoingia, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu.

Ukipata tishio, haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo CRH, CRH huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huzituma tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Mwaka 1968 Bruce McEwen, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, aliwadunga panya walioondolewa tezi hizo homoni yao ya msongo iliyotiwa alama ya mionzi, kisha akatazama inang'ang'ania wapi ubongoni. Mtu angetarajia haipothalamasi. Iliyong'ara ilikuwa hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Homoni kutoka juu ya figo ilikuwa na makao pale pale ubongo unapohifadhi yaliyopita.

Mwaka 1985 Reul na de Kloet, huko Uholanzi, wakaonyesha kwamba makao hayo ni ya aina mbili. Kipokezi cha kwanza, MR, huishika kotisoli kwa nguvu takriban mara kumi ya mwenzake, kwa hiyo karibu muda wote kimejaa, hata ukiwa umetulia. Cha pili, GR, husubiri hadi homoni ipande, kama inavyopanda alfajiri au wakati wa hatari. GR ikijaa hupeleka amri ya kusitisha: imetosha, funga mtiririko. Mwili wenye afya hujizima hivyo.

Sasa fikiria msongo usiokwisha. GR hupungua au huwa butu, amri ya kusitisha haisikiki, na kotisoli inaendelea kumwagika. Kwa baadhi ya wenye sonona kali jambo hili hupimika. Unampa mgonjwa deksamethasoni usiku, dawa inayoiga kotisoli, ambayo kwa kawaida ingeshusha kotisoli ya kesho yake. Kwao haishuki inavyopaswa. Miaka ya 1980 watu walitamani kipimo hicho kiwe cha kutambulisha sonona kama kile cha sukari kwa kisukari. Hakikufaulu, kwa sababu wagonjwa wengi wa sonona hukipita vizuri, na watu wenye maradhi mengine au waliokonda sana hukifeli. Binafsi sioni kama kilishindwa bure. Kilituonyesha kwamba ndani ya jina moja la ugonjwa kuna miili isiyofanana.

Athari yake huonekana kwa macho. Chukua kipande chembamba cha ubongo wa panya, kitie rangi ya Golgi: seli chache tu hugeuka nyeusi, kila moja na matawi yake yote, nyingine zikibaki hazionekani. Panya aliyebanwa saa sita kwa siku, kwa siku 21, ana matawi mafupi na machache katika eneo la hipokampasi liitwalo CA3. Unaweza kuyahesabu. Hamia kwenye amigdala, makao ya woga, utakuta kinyume: matawi yamerefuka. Msongo huohuo, kichwa hichohicho, sehemu moja inanyauka na nyingine inastawi. Mpumzishe panya, na matawi ya hipokampasi hukua tena. Yale ya amigdala ni magumu kusahau. Kila mara nikiyatazama huwaonea huruma watu wanaoambiwa wajikaze tu.

Kwa mantiki hiyo, dawa bora ingekuwa ile inayoukata mnyororo mwanzoni kabisa, kwa kuziba kipokezi cha CRH. Kampuni kubwa za dawa zilifikiri hivyo. Molekuli zikatengenezwa, panya wakatulia vizuri sana. Kwa binadamu wenye sonona, wasiwasi au kiwewe, majaribio yalianguka moja baada ya jingine. Jamii hiyo ya dawa ingesahaulika, lakini Desemba 2024 Marekani iliidhinisha mojawapo, krineserfonti, kwa ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali. Molekuli ilikuwa inaziba kipokezi barabara. Tulichokosea ni kudhani kwamba msongo ukishaufinyanga ubongo kwa miaka, kuziba chanzo kutatosha kuufinyanga upya.

Ketamini, dawa ya nusukaputi, imetupa somo hilo kwa upande wa pili. Yenyewe haigusi serotonini kama fluoksetini. Huziba NMDA, kipokezi cha glutamati, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha nafuu ikija ndani ya saa chache, na Machi 2019 Marekani ikaidhinisha pacha wake, esketamini, ya kupuliza puani. Ajabu ni kwamba dawa huondoka mwilini haraka huku nafuu ikibaki siku kadhaa. Katika panya, ndani ya siku moja, gamba la mbele la ubongo huwa limechipuza vijimiba vipya vya sinapsi. Mwaka 2021 kundi la Eero Castrén, Helsinki, likadai kwamba fluoksetini na ketamini zote hujishikiza moja kwa moja kwenye TrkB, kipokezi cha protini inayokuza seli za neva. Mjadala haujatulia. Mimi naegemea wazo pana zaidi: dawa ya polepole na ya haraka hukutana mahali pamoja, kwenye kuota upya kwa miunganisho. Kama ndivyo, zile wiki za kungoja ni muda wa ujenzi, na yanayomkuta mgonjwa katika wiki hizo, usingizi, mazungumzo ya tiba, hata aina ya watu wanaomzunguka, yanaingia katika jengo.

Mambo haya yana matumizi ya moja kwa moja siku ya kuacha dawa, ambako naona watu wakiumia bila sababu. Vipokezi vilivyochukua wiki kuizoea dawa huchukua wiki au zaidi kuisahau. Tena hesabu ya dozi hudanganya. Kwa dozi ya kawaida ya tiba, asilimia 80 hivi ya vibebaji vya serotonini, ile njia ya kuirudisha ndani ya seli, huwa imezibwa. Ukiipunguza dozi hiyo kwa nusu, kiwango hicho hushuka kidogo tu, na mtu hujiona shujaa. Poromoko liko chini kabisa, kati ya dozi ndogo na sifuri, ndiko kizunguzungu, hasira na ile mishtuko ya kichwani hutokea. Paroksetini, inayotoka mwilini haraka, husumbua zaidi. Fluoksetini, ambayo mabaki yake hukaa wiki kadhaa, husumbua kidogo. Usiache peke yako. Mwombe daktari wako ratiba ambayo hatua zake zinazidi kuwa ndogo kadiri unavyokaribia mwisho, na muulize kama kuna dawa ya maji, maana kidonge hakikatiki vipande vidogo kiasi hicho.