Almasi haipimwi kwa nyundo

Wapo wanaoamini kwamba almasi halisi ukiigonga nyundo haivunjiki. Thubutu! Almasi ni kaboni iliyoshikamana sana, na hakuna jiwe lingine la vito linaloikwaruza. Lakini kutokwaruzika si kutovunjika: ina mielekeo minne ambayo pigo moja huipasua vizuri tu, na wakataji wa vito wanautumia udhaifu huo tangu zamani. Wathamini hutazama uzito (karati 1 ni gramu 0.2), rangi, dosari za ndani kwa lenzi inayokuza mara 10, na zaidi ukataji, maana ndio unaoleta mng'aro. Ukataji huo hupunguza uzito: almasi ya rangi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, Tanzania, iliyopatikana mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5, ilipokatwa zikabaki 23.6.