Barua pepe iliyokosewa anwani izuiwe kabla haijatoka

Karani wa udahili anatuma barua za kuwaita wanafunzi chuoni. Kwenye mojawapo, badala ya gmail.com, vidole vinaandika gmial.com. Programu inamwambia imetumwa, naye anaendelea na nyingine.

Kosa la namna hii huwa tunamtwika karani. Mimi msimamizi wa seva, yaani kompyuta inayopeleka na kupokea barua, naona sehemu kubwa ni yetu, kwa sababu seva inayotoa barua ina uwezo wa kumwambia palepale, kabla hajainuka kitini.

Kabla ya kupeleka barua, seva huuliza DNS, daftari la majina ya mtandao, ni seva gani inayopokea barua za kikoa kile, yaani jina linalofuata alama ya @. Jibu ni rekodi ya MX. Kikoa kisichokuwapo kabisa, mathalani kinachoishia na .con, hakisumbui sana: barua inarudi mara moja. Tabu iko kwa kikoa kilichosajiliwa. Kanuni za SMTP, utaratibu wa kupelekeana barua pepe, zinasema kikoa kikikosa MX lakini kina anwani ya IP, barua ipelekwe kwenye anwani hiyo. Aghalabu hapo pana ukurasa wa matangazo tu na poti 25, mlango wa kupokelea barua, imefungwa. Seva yako inabisha hodi, haiitikiwi, inaiweka barua kwenye foleni, baadaye inabisha tena. Postfix (programu ya seva ya barua) ambayo mipangilio yake haijaguswa huendelea hivyo kwa siku 5, na mtumaji haonywi, maana delay_warning_time, muda wa kungoja kabla ya kumwonya, huja ikiwa 0, yaani bila onyo. Barua iliyotumwa Jumatatu inamrudia karani Jumamosi.

Kubaya zaidi ni pale hodi inapoitikiwa. Julai 2023 gazeti la Financial Times liliripoti kwamba barua nyingi zilizokusudiwa jeshi la Marekani, lenye kikoa cha .mil, zilikuwa zikienda .ml, kikoa cha nchi ya Mali. Mtaalamu aliyekuwa akisimamia kikoa hicho, Johannes Zuurbier, alikusanya karibu barua 117,000 tangu Januari mwaka huo. Ndani yake mlikuwa na taarifa za matibabu na hati za utambulisho. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilieleza kwamba barua zinazotoka .mil kwenda .ml huzuiwa kabla ya kuondoka, na mtumaji hutakiwa kuhakiki anwani. Zilizowashinda ni zile zilizotumwa na watu wa nje.

Kuzuia huko hata ofisi ndogo inakuweza. Kwenye smtpd_recipient_restrictions, orodha ya Postfix ya masharti kwa anwani za wapokeaji, weka reject_unknown_recipient_domain, inayokataa kikoa kisichokuwapo, kisha unknown_address_reject_code uitoe 450, yaani “jaribu baadaye”, uifanye 550, yaani “imekataliwa kabisa”. Kwa vikoa vilivyosajiliwa, tengeneza faili la makosa na uliite kwa check_recipient_access. Mstari wake huwa hivi:

gmial.com 550 5.1.2 Umeandika gmial.com. Je, ulikusudia gmail.com?

Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo ujumbe huo unapita kwenye SMTP bila kuharibika, na karani anausoma kwa lugha yake. Angalizo moja: masharti haya yatangulie permit_mynetworks na permit_sasl_authenticated, zinazowapitisha moja kwa moja walio kwenye mtandao wako na walioingia kwa nywila. Yakikaa chini yake, watu wa ofisini kwako hayatawagusa kabisa, na wengi hukwama hapa. Orodha ya makosa itoe kwenye logi (kumbukumbu za seva) zako mwenyewe. Pitia barua zilizokwama mwezi mzima na utaona vikoa vilevile vikijirudia. Weka pia delay_warning_time iwe 4h, ili mtumaji aonywe barua ikikwama kwa saa nne.

Wapo wanaotumia recipient_canonical_maps ili seva isahihishe yenyewe kimyakimya. Sishauri. Anwani mbovu inabaki kwenye daftari la wanafunzi, na kesho mfumo mwingine utaitumia.

Kosa lililo kabla ya alama ya @ seva yako haiwezi kulijua. Anwani hiyo ikiwa haina mwenyewe, seva ya upande wa pili itajibu 550 5.1.1, yaani mpokeaji huyo hayupo. Ikiwa ina mwenyewe, mgeni anasoma matokeo ya mtoto wa watu. Kwa hiyo barua ya kwanza kwa mwombaji isibebe taarifa yoyote yake, imwombe tu athibitishe kwamba imemfikia.