Polisi kuachiwa haimaanishi familia imekosa
Watu wengi wanasema polisi aliyeua mtu akishaachiwa huru mahakamani basi familia ya marehemu haina chake, hapana jamani, hizo ni njia mbili tofauti, kesi ya jinai na madai ya fidia. Chukua Philando Castile, alisimamishwa barabarani na askari polisi kule Minnesota, Marekani, Julai 2016 akapigwa risasi ndani ya gari mpenzi wake na mtoto wa miaka minne wakishuhudia, inauma sana. Juni 2017 jury, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, ikamwachia yule askari, maana kwenye jinai lazima kosa lithibitishwe bila shaka yoyote ya msingi, lakini kwenye madai inatosha upande wako uonekane mzito zaidi. Mwezi huohuo mama yake Castile akakubaliana kulipwa karibu dola milioni 3, na hazikutoka mfukoni kwa askari, ilikuwa bima ya mji.