Miaka kazini haimfanyi mtu msanifu majengo

Wengi huamini kwamba aliyechora majengo miaka 15, akasimamia miradi na kuwanoa vijana, anastahili kuitwa "msanifu majengo mwandamizi" hata kama hana leseni. Heshima anastahili. Cheo hicho, hapana.

Katika nchi nyingi jina lenyewe hulindwa na sheria. Uingereza ni mfano mzuri: chini ya Sheria ya Wasanifu Majengo ya 1997, asiyesajiliwa anaweza kubuni nyumba, lakini akijiita msanifu majengo katika biashara anatenda kosa. Kuongeza "mwandamizi" hakumwokoi. Kunamfanya mteja azidi kuamini kisichokuwapo. Marekani kila jimbo lina kanuni zake, na baadhi hubana hata vyeo vinavyogusa tu neno usanifu.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wakamwita mtu mwenye mvi "mwanagenzi" kwa kuwa tu hana leseni. Huko ni kumdhalilisha, na NCARB, baraza linaloratibu mitihani ya leseni Marekani, liliamua mwaka 2015 kuachana na cheo cha aina hiyo.

Basi aitweje? Taja anachofanya: meneja wa mradi, mratibu wa michoro, mkuu wa kitengo cha michoro ya ujenzi. Mwandamizi inafaa hapo, maana inapima uzoefu, si leseni. "Mbunifu majengo" lakini ni mtego, kwa sababu kwa Kiswahili wengi hulielewa sawasawa na msanifu. Kabla ya kuchapisha kadi, soma kanuni za bodi ya usajili ya mahali mradi ulipo, si ofisi ilipo pekee.